Tisa Mfungo Tisa

Jumapili, 12 Oktoba

Leo nimefanywa katibu wa kamati ya mashindano ya mitumbwi. Mwalimu Faiz, mwenyekiti wetu, alilitaja jina langu hata kabla sijakaa, na wanaume wote kumi na mmoja wakaitikia. Bi Hussaina hakosei karatasi, alisema. Nami nikatazama chini kwa adabu, lakini moyoni nikasema ndiyo, sikosei. Tangu mume wangu afariki naliendesha mwenyewe duka letu la kamba, rangi na nyuzi za nyavu hapa Ndia Kuu, na hajaja mtu wa leseni akanikuta nimepungukiwa na kijikaratasi.

Kazi yenyewe ni hii. Mashindano ya makasia, kutoka Bandari ya Kale hadi chini ya daraja la Nyali na kurudi, hayajafanyika miaka minane. Mwaka wa mwisho mtumbwi mmoja ulipinduka, watu wakaokolewa kwa bahati tu, na tangu hapo hakuna mashindano katika maji ya umma bila kibali kamili. Kamati mbili kabla yetu zilianza kukitafuta zikachoka. Mwalimu Faiz ana miaka sabini na sita na anataka ayaone tena kabla macho hayajamwisha. Mimi nami nataka, ila humu naweza kusema kweli: nataka kiwe kibali changu. Mwanamke, tena Bohora, kati ya watu wa vyombo. Nataka wakikitaja wanitaje.

Daftari hili amenipa binti yangu Fariha, ati niandike kumbukumbu za kamati. Za kamati zina daftari lake. Hili ni la maneno yangu.

Jumatano, 15 Oktoba

Karatasi kumi na moja. Afisa wa vibali anaitwa Mercy, binti wa Rabai, sauti ya chini, lakini hapokei kitu kisicho na mhuri. Ramani ya njia, majina ya wapiga makasia, jaketi za kuokolea, boti ya uokozi, gari la wagonjwa, barua ya polisi, barua ya kaunti, na kadhalika. La mwisho ndilo zito: ridhaa ya wanaotumia maji. Kila mwenye nyavu katika mkondo ule asaini kwamba siku hiyo nyavu zake zitakuwa nje. Nikamwambia hao nawajua wote, ni wateja wangu. Akasema basi haitakuwa shida, lakini asaini kila mmoja.

Jumapili, 19 Oktoba

Mvua za vuli zimeanza na mimi niko Mlango wa Papa kwenye banda la samaki, viatu vimejaa maji, naomba ridhaa. Chirau, mwenyekiti wa wavuvi, alinipa kiti kizima, wengine wakaketi juu ya mitungi ya mafuta. Alikuwapo pia Mwanarusi, mjane kutoka Mkomani, ng'ambo ya pili. Mumewe alimwachia nyavu kubwa ya kutega, naye ameajiri wavuvi wawili na kuisimamia mwenyewe. Miaka ishirini na miwili ananunua nyuzi kwangu. Yeye na mimi ndio tuliokuwa wanawake pale, basi tukaketi pamoja.

Walikubali upesi kuliko nilivyotazamia, mradi iwe siku ya maji mafu, mkondo ukiwa umelala na samaki haba. Chirau akahesabu kwa vidole. Si mwezi huu unaoingia, akasema, ni ule wa pili. "Tisa Mfungo Tisa. Nane jioni twazitoa nyavu, tisa twazianika na kuzishona. Siku hiyo maji ni yenu."

Wote wakaitikia tisa Mfungo Tisa. Ni rahisi kukumbuka, hata mimi nilicheka.

Nimerudi dukani nikatazama kalenda ukutani. Mfungo Tisa ndiyo Jumada ya pili. Tisa yake imeangukia Jumamosi, 29 Novemba. Jumamosi! Watu hawako kazini, na shule zimefungwa. Nimeiandika kwenye fomu kwa wino mweusi.

Jumanne, 21 Oktoba

Saini ishirini na mbili kwa asubuhi moja. Fomu ni ya Kiingereza, na wengi hawakutaka kuhangaika nayo, basi mimi niliwasomea kwa lugha yao: mnaridhia maji yafungwe tisa Mfungo Tisa. Wakasaini. Mwanarusi aliuliza neno moja tu, tisa? Nikamwambia tisa. Akaandika M kubwa ya kupendeza na mstari chini yake.

Jumanne, 28 Oktoba

Mvua. Duka linavuja pale pale kila mwaka.

Jumatatu, 3 Novemba

Barua ya polisi nimeipata. Ya gari la wagonjwa bado. Mercy ameirudisha ramani kwa sababu haina kipimo.

Alhamisi, 6 Novemba

Ramani imepokewa.

Jumatano, 12 Novemba

Mvua tena. Ukuta wa kalenda umeota unyevu na kalenda imejikunja pembeni. Fariha anataka kuihamisha, nimemkataza, hapo ndipo macho yangu yameizoea.

Jumanne, 18 Novemba

Kibali kimetoka. Nilikishika kwa mikono miwili ngazini kwa sababu lifti haikuwa inafanya kazi, ghorofa tano, na kila ghorofa nilisimama nikakisoma. Maji yamefungwa kwa vyombo vyote Jumamosi tarehe 29 Novemba, saa moja hadi saa nane mchana. Mwombaji: kamati. Katibu: Hussaina, jina langu lote na la baba yangu.

Mercy alinipongeza. Akanikumbusha kuwa ikibadilika hata saa, maombi yanaanza upya, siku ishirini na moja, barua zote. Nikamjibu, haibadiliki, mwanangu.

Mwalimu Faiz alilia. Kweli, alilia mbele ya wateja. Amekipeleka kutiwa fremu.

Jumamosi, 22 Novemba

Nimefunga duka saa kumi. Nimemwambia Fariha kichwa chaniuma.

Asubuhi Mwanarusi alikuja kuchukua nyuzi. Mwalimu Faiz alikuwa ameketi kiti cha wateja na kile kibali mapajani, kimeshatiwa fremu, akiwasomea watu wawili waliokuja kununua rangi. Alikuwa amefika pale penye jina langu. Mwanarusi akatusalimu, akasema jana magharibi mwezi uliandama, aliuona mwenyewe akiwa Mkomani, mwembamba, umelala juu ya kisiwa. Akasema, "Kwa hivyo leo ndiyo mosi. Bado ni tisa, Bi Hussaina?"

Nikainua macho ukutani. Kalenda yangu ilisema leo ni mbili.

Niandike hapa kana kwamba namweleza mgeni, labda nitaamini ni mimi niliyefanya hivi. Sisi Mabohora miezi yetu hupangwa kwa hesabu, imeandikwa kabla mwaka haujaanza. Majirani zetu hungoja waone mwezi kwa macho. Kwa hivyo sisi hutangulia siku moja, pengine mbili. Hakuna mtoto wa Mji wa Kale asiyelijua hili. Idi yetu hufika mwanzo. Mwanarusi huniletea sinia yangu siku yangu, mimi humpelekea yake siku yake, na miaka ishirini na miwili hatujakosea hata mara moja. Nimekosea hii. Wavuvi waliponiambia tisa, nikaichukua tisa yao nikaenda kuitafuta kwenye kalenda yangu.

Tisa yao ni Jumapili, tarehe 30. Kibali ni cha Jumamosi, ambayo kwao ni nane. Nane nyavu hutolewa jioni. Saa moja asubuhi zitakuwa zote majini.

Yote haya niliyajua kwa mtazamo mmoja wa ukutani. Mwanarusi anangoja jibu. Mwalimu Faiz ameinua fremu yake anatabasamu. Na mimi nikasema, "Tisa. Haijabadilika."

Akasema vyema, akachukua nyuzi zake akaenda.

Jumapili, 23 Novemba

Nitamwambia Chirau. Ni neno la dakika moja, nitasema nimekosea hesabu, zitoeni siku moja mapema.

Lakini nikisema hivyo, ridhaa yote ni batili. Watu ishirini na wawili walisaini siku nyingine. Mercy akilisikia atakifuta kibali, na haki yake. Mitumbwi tisa imeshapakwa rangi kule Liwatoni. Mwalimu Faiz atasema nini? Hatasema kitu, ndilo baya lenyewe.

Jumatatu, 24 Novemba

Mvua. Chirau hakupita.

Ni uongo. Alipita. Mimi niliingia stoo.

Jumanne, 25 Novemba

Nilikwenda ofisini kwa Mercy nimeshaamua. Akaacha kazi yake akanisikiliza. Nikamwuliza kama gari la wagonjwa lisimame upande wa Ngome au upande wa soko.

Alhamisi, 27 Novemba

Tuktuk ya matangazo imeanza kuzunguka, Jumamosi hii, Jumamosi hii, na saa hiyo hiyo Chirau akaingia. Hakukasirika, alishangaa tu. Akaniuliza mbona Jumamosi, si tulisema tisa?

Nikamwambia ofisi ndiyo iliyoivuta nyuma siku moja, na mimi mwenyewe nimejua juzi. Nimemsingizia yule binti wa Rabai asiyekubali hata ramani isiyo na kipimo. Chirau akatikisa kichwa, akasema hao watu wa ofisi hawajui mwezi. Akasema atawaambia wenzake wa upande huu wazitoe kesho jioni. Kisha akauliza, na Mwanarusi je? Yeye yuko ng'ambo, na nyavu yake ndiyo imekaa katikati ya njia.

Nikasema, "Niachie mimi. Nitamwambia."

Ijumaa, 28 Novemba

Mwanarusi hataridhika nikimwambia ofisi imeivuta nyuma. Ataniuliza, Jumamosi iliyopita nilipokuuliza, ulikuwa hujui? Na huyo siwezi kumdanganya tena uso kwa uso, amenijua mno.

Saa tano asubuhi simu ililia, jina lake. Nikaitazama mpaka ikanyamaza. Ikalia tena. Fariha alikuwa anafunga bendera ndogo kwenye kamba, akasema Mama, simu. Nikasema ni watu wa kuuza bima. Ikalia mara ya tatu.

Baada ya hapo haikulia. Nimejiambia kwamba hakika amesikia matangazo. Nimejiambia hivyo mpaka magharibi.

Jumamosi, 29 Novemba

Anga lilikuwa safi, hata tone halikuanguka. Watu walijaa ngazini, juu ya kuta, kwenye madari ya nyumba, akina mama na viti vyao, mabuibui na miavuli ya jua. Mimi nilikuwa na kitambulisho shingoni kimeandikwa KATIBU.

Saa moja na nusu boti ya doria ilipita njia kuhakikisha maji ni wazi. Chini ya Mkomani ikasimama. Nilijua kabla mtu hajasema. Nyavu ilikuwa imekazwa kutoka nguzo hadi nguzo, katikati kabisa, na kuitoa kwa utaratibu ni kazi ya saa tatu. Mashindano ni saa nne. Wale maafisa walifanya kama kibali kilivyoagiza: wakaikata vipande vinne, wakavipandisha kwenye boti, samaki wamo ndani wanaruka. Mtangazaji naye, asiyejua lolote, akasema kwenye kipaza sauti kuwa kuna mwenye nyavu mmoja amevunja makubaliano na ametuchelewesha. Watu wakazomea. Ng'ambo na huku, wakazomea.

Mwanarusi alifika saa mbili kwa mtumbwi wa wavuvi wake. Buibui lilikuwa limelowa hadi magotini na simu ameishika mkononi. Alipita katikati ya watu wale wale waliokuwa wakimzomea, akaja hadi mezani petu. Hakupaza sauti. Alimwambia Mwalimu Faiz, "Tulisema tisa. Leo ni nane."

Mwalimu Faiz ni mtu wa haki. Akanigeukia akaniuliza fomu inasemaje.

Nikasema, "Ishirini na tisa Novemba. Amesaini."

Kila neno hapo ni kweli. Nikaitoa fomu nikaionyesha ile M na mstari chini yake.

Chirau alikuwa amesimama nyuma ya kiti changu. Akaniuliza taratibu kama nilimpa habari, kama nilivyoahidi. Mwanarusi alikuwa ananitazama. Nikasema, "Tulizungumza kwa simu jana."

Alikuwa na simu mkononi. Angeiwasha tu. Angewaonyesha alivyonipigia mara tatu na mara tatu sikupokea, na mimi nilingoja afanye hivyo, naapa karibu nilitamani afanye. Aliitazama ile simu, akaitia ndani ya mkoba, akafunga zipu. Akasema, "Basi huenda mimi ndiye niliyehesabu vibaya." Akawaomba radhi wanakamati. Aliniomba radhi na mimi.

Mashindano yalianza saa nne na robo. Timu ya Mkomani ilishinda. Mwalimu Faiz alinishika mkono akaniinua mbele ya watu, wakanipigia makofi.

Jumapili, 30 Novemba

Leo ndiyo tisa yao. Nilipita Mlango wa Papa, nyavu zimeanikwa kila mahali, watu wanashona, wamenisalimu kwa furaha. Maji yalikuwa yamelala, hayana mtu.

Jumatano, 3 Desemba

Wavuvi wamekaa kikao. Mwanarusi amezuiwa kutega katika mkondo hadi Ramadhani, kwa kuwaaibisha wenzake mbele ya serikali. Hata angeruhusiwa, atatega nini, nyavu iko vipande vinne. Nimeambiwa hakujitetea.

Ijumaa, 5 Desemba

Tulikuwa tunakula. Fariha akasema, "Mama, ile simu ya Ijumaa ilikuwa ya nani?"

Nikamwambia ale, chakula kinapoa. Hakuniuliza tena. Ameondoa sahani yangu na yake bila kunitazama.

Jumatatu, 8 Desemba

Ofisi inataka ripoti. Kuna kisanduku: ukiukaji wowote wa masharti, taja jina. Mwalimu Faiz akasema tuandike, ili mwaka ujao wasituhesabie sisi kosa hilo. Niliandika. Mwanarusi, jina lake lote, na jina la baba yake. Mwandiko wangu ni mzuri, kila mtu husema.

Ijumaa, 12 Desemba

Timu ya Mkomani imeleta kikombe dukani nikione. Wamenivisha shada. Walipotoka nikalificha stoo.

Jumamosi, 13 Desemba

Nimekuwa nikimkasirikia. Hilo ndilo ambalo sikuliandika siku zote hizi. Kwa nini hakuionyesha ile simu? Angeniaibisha siku ile, ningekuwa nimeshamaliza. Nimekaa wiki mbili namlaumu mwanamke ambaye kosa lake ni kunisitiri. Ukisoma haya, Fariha, siku nimekufa, ujue mama yako alikuwa hivi.

Jumatatu, 15 Desemba

Nimepanda zile ghorofa tano, lifti bado. Mercy alikuwa na habari njema: ripoti imependeza, mwaka ujao hatutaanza mwanzo. Na yule mwenye nyavu, akasema, amewekewa onyo kwenye faili, akirudia atanyang'anywa leseni.

Nikaketi. Nikamwambia yote, kalenda, ukuta, mosi na mbili, Chirau, simu. Na kwamba nilimsingizia yeye. Sikulia. Nilikuwa nimejiandaa kulia, lakini sikuona haki ya kulia mbele yake.

Aliitoa fomu yetu akazitazama zile saini. Hakunifokea. Alisema tu kwamba aliniamini kwa sababu nilisema ni wateja wangu. Onyo linaweza kufutwa, akasema, nikileta barua ya kusahihisha, na barua hiyo lazima isainiwe na aliyetajwa.

Kwa hivyo nahitaji saini ya Mwanarusi, kwenye karatasi nitakayoiandika mimi.

Jumanne, 16 Desemba

Nilimwita Mwalimu Faiz na Chirau dukani, nikafunga mlango. Chirau alitoka kabla sijamaliza. Mwalimu Faiz alisikiliza hadi mwisho, kama anavyosikiliza kila mtu. Kisha akaomba mhuri wa kamati na ufunguo wa kabati. Nilimpa. Mlangoni alisimama akasema, "Mimi ndiye niliyesema hukosei." Nikamtazama akiteremka Ndia Kuu, amekibeba kibali chake kwapani, fremu imegeukia ndani.

Alhamisi, 18 Desemba

Nilikwenda Mkomani. Mwanarusi alinikaribisha, akanipa chai na kaimati, akaniuliza hali ya Fariha. Uani vile vipande vinne vilikuwa vimekunjwa vizuri juu ya mkeka. Nikaanza kusema, akainua kiganja.

"Ulipoutazama ukuta," akasema, "nilijua unanificha neno."

Nikamwuliza kwa nini basi alinisitiri. Akasema hakunisitiri. Alikuwa anataka kuona nitakaa nalo siku ngapi. Alikuwa anahesabu tangu siku ya mashindano. Leo kumi na tisa.

Nikaitoa barua ili asaini. Hata hakuigusa. Akasema ile ya kwanza alisainishwa mbele ya watu, na hii isomwe mbele ya watu, banda lile lile la Mlango wa Papa, saa tatu asubuhi, mosi Rajabu.

Nilikuwa karibu kumwuliza ni tarehe ngapi. Nikaikunja barua nikaaga.

Jumamosi, 20 Desemba

Kalenda yangu inasema leo ndiyo mosi Rajabu. Kwao leo ni ishirini na tisa, na mwezi hutafutwa jioni.

Magharibi nilipanda darini pamoja na Fariha. Maishani mwangu sijawahi kuutafuta mwezi, sikuhitaji. Tulisimama mpaka shingo zikauma. Mawingu hayakuwapo. Mwezi haukuonekana. Fariha akasema, basi kesho ni thelathini, Mama. Ndilo neno refu zaidi aliloniambia wiki hii.

Jumapili, 21 Desemba

Umeandama. Tumeuona sote wawili.

Jumatatu, 22 Desemba. Tatu Rajabu kwangu, mosi kwa Mwanarusi

Walikuwapo wote ishirini na wawili, na wengine waliokuja kusikiliza. Hakuna aliyenipa kiti. Chirau alisimama karibu na mizani, mikono nyuma. Mwanarusi aliketi juu ya mtungi, mfuko mapajani.

Nilisoma barua kwa Kiswahili, niliiandika kwa Kiswahili safari hii. Kwamba wao waliridhia tisa Mfungo Tisa, ambayo ilikuwa Jumapili tarehe 30 Novemba. Kwamba mimi niliandika tarehe 29 kwa kosa langu. Kwamba nililijua kosa hilo siku saba kabla, nikaficha. Kwamba Mwanarusi aliniuliza dukani nikamjibu uongo, akanipigia simu mara tatu sikupokea, na mbele ya watu nikasema tulizungumza. Kwamba hakuvunja makubaliano yoyote.

Mwanarusi akasema, "Rudia tarehe."

Nikarudia.

"Rudia pale pa simu."

Nikarudia pale pa simu. Manyunyu ya mvua yalianza juu ya mabati, Mwanarusi akaniambia nipaze sauti, walioko nyuma hawasikii. Nikarudia tena kwa sauti kubwa, mara tatu hakunipata, mara tatu nilikuwa naitazama.

Akaniuliza leo ni siku ya ngapi ya mwezi. Nikamwambia mosi. Akauliza, na kwako? Nikamwambia tatu. Akasema niandike zote mbili chini ya barua, na ipi ni ya nani. Niliandika juu ya goti langu. Ndipo akaichukua kalamu akaweka M yake na mstari chini yake.

Chirau akasema nyavu ya Mwanarusi inaweza kurudi mkondoni leo hii, na wavuvi wakasema ndiyo, wataishona pamoja. Mwanarusi akaufungua mfuko mapajani mwake akaanza kuwagawia nyuzi za kushonea, mpya, bado zina karatasi zake. Nikalijua jina la duka kwenye ule mfuko. Ni duka la Mwembe Tayari, si langu.